Mtoto acheze wapi? Malisho ya Rungwe na bustani za jangwani

Nikuulize swali kabla hatujaanza. Kuna miji miwili. Wa kwanza uko jangwani: kiangazi joto linapita nyuzi 40, na mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 100. Wa pili uko mlimani, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kijani Januari hadi Desemba, mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Ni upi ungetegemea uwe na bustani nyingi za kuchezea watoto?

Wengi tungesema wa mlimani. Nyasi zipo, miti ipo, ubaridi wa bure upo. Kumbe wa jangwani ndio wenye bustani. Mji huo ni Abu Dhabi. Wa mlimani ni Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, ambako mtoto kwa kawaida huchezea uwanja wa shule, uani kwao, au kando ya barabara ile ile inayopitisha malori ya kwenda Kasumulu, mpakani na Malawi.

Najua unachotaka kusema: pesa za mafuta hizo. Sawa, pesa zimo. Lakini jibu hilo peke yake halitoshi, kwa sababu miaka 100 iliyopita hapa hapa Rungwe watoto walikuwa na eneo lao, tena kubwa, na hakuna aliyeuza hata pipa moja la mafuta. Twende taratibu tuone eneo hilo lilikuwaje na lilikwenda wapi.

Kijiji cha wavulana

Katikati ya miaka ya 1930 wanaanthropolojia wawili, mke na mume, Monica na Godfrey Wilson, walifika kuishi na kuwachunguza Wanyakyusa. Kazi yao ya uwandani ilikwenda hadi 1938. Godfrey alifariki mwaka 1944, na Monica akaendelea kuandika. Kitabu chake cha mwaka 1951, Good Company, kinaeleza jambo lililowashangaza wasomi wengi duniani: Wanyakyusa walikuwa wakiishi kwa vijiji vya rika. Yaani majirani zako hawakuwa baba zako na wajomba zako, bali wenzako wa umri mmoja.

Mambo yalianzia malishoni. Mvulana wa miaka 6 hivi alianza kuchunga ng'ombe wa baba yake, pamoja na wavulana wa nyumba za jirani. Siku nzima wako nje kwenye nyasi, wana kiongozi wao, wanapigana mieleka, wanagombana na kupatana bila mtu mzima kuwaingilia. Wakifika miaka 10 au 11, waliwaachia wadogo zao ng'ombe, wakaanza kulima, na hapo ndipo walipopewa eneo pembeni ya kijiji cha baba zao. Wakajenga vibanda vyao wenyewe na kulala huko. Chakula waliendelea kula kwa mama zao, ila kwa kundi: leo wote kwa mama wa fulani, kesho kwa mama wa mwingine. Wadogo waliendelea kujiunga mpaka kijiji kikajaa, kisha mlango ukafungwa, na waliobaki nje wakaanzisha chao. Wavulana wale wakikua walioa na kuwaleta wake zao pale pale. Kilichoanza kama kambi ya watoto kikawa kijiji cha watu wazima.

Lengo kubwa la maisha hayo lilikuwa na jina lake kwa Kinyakyusa: ukwangala. Ni ile raha ya kukaa na wenzako, kuongea, kula pamoja, kutaniana, na ni humo mtu alimojifunza adabu na akili. Kwa Monica Wilson, hili ndilo lililokuwa moyo wa jamii nzima. Sasa jiulize: mahali ambapo watoto wanakutana kila siku, wanacheza, wanajifunza kuishi na wenzao, na watu wazima wamekubali kuwa pale ni pao, leo tungepaitaje?

Lakini tusipake asali kila mahali. Kuchunga kulikuwa kazi, na ng'ombe akiingia shambani kwa mtu mchungaji alikiona cha moto. Halafu wasichana hawakuwa na kijiji chao. Walibaki na mama zao, kuteka maji, kupika, kulea wadogo, kisha wakaolewa mapema. Ukwangala ile ya malishoni ilikuwa ya wavulana. Na wanaanthropolojia waliofuata walibishana kama picha ya Wilson ilikuwa nadhifu kupita hali halisi. Hata hivyo hoja ya msingi inabaki: ardhi ya watoto ilikuwepo, na ilikuwepo kwa sababu jamii ilikuwa na utaratibu wa kuitenga.

Kahawa haihami

Utaratibu wenyewe ulikuwa na sherehe kubwa iliyoitwa ubusoka. Mara moja kwa kila kizazi, wazee walikabidhi uongozi kwa vijana wao. Machifu wapya walitawazwa, na ardhi ikagawanywa upya, wazee wakisogea pembeni kuwapisha vijana. Kwa hiyo kile kipande cha pembeni walichopewa watoto hakikuwa hisani tu. Kilikuwa hatua ya kwanza ya mzunguko ambao mwisho wake ulikuwa kukabidhiwa nchi.

Mzunguko huo unafanya kazi kama mambo mawili yapo: ardhi ya kutosha, na mazao ambayo mtu anaweza kuyaacha akahama. Katika karne ya 20 yote mawili yalipungua. Watu waliongezeka. Wanaume walikwenda kutafuta pesa kwenye dhahabu ya Lupa, kwenye migodi ya shaba ya Zambia ya leo na hata Afrika Kusini, wakarudi na mawazo ya kuwa na mali zao binafsi. Na ikaja kahawa. Mahindi unavuna na kuondoka. Mkahawa unausubiri miaka kadhaa ndiyo uanze kuzaa, kisha unakulisha miaka mingi. Nani atakubali kuusogea eti vijana wamekua? Mwanaanthropolojia Philip Gulliver, aliyefanya utafiti Rungwe miaka ya 1950, aliandika kitabu kizima juu ya uhaba wa ardhi na mabadiliko hayo.

Malisho yakawa mashamba. Ng'ombe wakapungua, wengine wakafungwa zizini na kuletewa majani. Na wachungaji wenyewe wakaenda shule.

Hapa ndipo penye somo ambalo naomba usilipite haraka. Malisho hayakuchukuliwa siku moja, na hakuna aliyekaa kikao akasema "tuwanyang'anye watoto eneo lao." Yalimegwa kidogo kidogo, kila kipande kikapata mwenyewe: huyu kahawa, huyu chai, huyu migomba, huyu nyumba. Kila aliyemega alikuwa na sababu nzuri. Ila mchezo haukuwa na mwenyewe wa kuutetea. Ardhi ya wote inapopanda thamani, wa kwanza kuikosa ni yule asiyeweza kwenda ofisini kudai, na mtoto hawezi.

Uwanja ukahamia shuleni

Kitu pekee kilichofanana na malisho ya zamani kilikuwa uwanja wa shule. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na shule zikafuata. Shule ilihitaji kiwanja, kiwanja kikaleta mpira, na mpira Rungwe haukuwa mchezo wa mzaha. Mwaka 1986 Tukuyu Stars walitwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara, mbele ya Simba na Yanga. Mji mdogo wa milimani!

Timu kama hiyo haidondoki kutoka mbinguni. Inahitaji watoto wengi wanaocheza chandimu kila jioni mahali palipo wazi. Lakini uwanja wa shule una kasoro zake. Ni wa mpira kwanza, kwa hiyo ni wa wavulana wakubwa kwanza. Mtoto wa miaka 4 na mama yake hawana pa kukaa. Na shule inapoongeza madarasa, ambayo yanahitajika kweli, yanajengwa wapi? Pale pale palipo wazi.

Je, serikali ya kikoloni haikuacha bustani mjini? Mahali pengine iliacha, ila si kwa ajili ya watoto. Chukua Mnazi Mmoja ya Dar es Salaam. Waingereza waliacha ukanda ule wazi ili kutenganisha mtaa wa biashara wa Wahindi na Kariakoo ya Waafrika. Leo watu hupumzika pale, lakini ulizaliwa kama mpaka. Tukuyu nayo ilianza kama kituo cha utawala wa Wajerumani, wakiuita Neu Langenburg. Kituo cha utawala kinapangwa kwa ajili ya boma, na mtoto hayumo kwenye hesabu.

Jangwani walifanyaje?

Turudi Abu Dhabi. Mwaka 1982 ilifunguliwa bustani ya Mushrif, mahsusi kwa wanawake na watoto. Mwaka 2015 ikafunguliwa upya baada ya ukarabati mkubwa, ikiitwa Umm Al Emarat, sasa kwa familia nzima. Angalia nani alifikiriwa kwanza: mama na mtoto, wale wale ambao uwanja wa mpira unawasahau.

Kisha angalia walivyopambana na hali ya hewa. Chuma au plastiki ikichomwa na jua la jangwani inaweza kupita nyuzi 60, na ngozi ya mtoto huungua kwa sekunde chache tu. Kwa hiyo bembea bila kivuli ni jiko. Suluhisho la kwanza ni kivuli, cha miti na cha mapaa. Kivuli hakipunguzi sana joto la hewa yenyewe, ila kinazuia mionzi ya jua isikupige moja kwa moja, na mwili unaona tofauti kubwa. La pili ni mimea: mti hutoa mvuke kupitia majani, na mvuke ule huondoka na joto, kama jasho linavyokupoza. La tatu ni saa. Muscat, ambako familia nyingi zenye asili ya Zanzibar bado zinaongea Kiswahili, bustani kama ya Qurum huchangamka jioni, Magharibi ikishaingia. Taa zinawaka, watoto wanakimbia, wazee wamekaa kwenye mkeka na chupa ya chai.

Yote hayo ni ghali. Maji ya kunywa huko yanatoka baharini yakichujwa chumvi, na miti mingi humwagiliwa kwa majitaka yaliyosafishwa. Kila mti una bomba lake. Rungwe mti unajiotea wenyewe.

Tukuyu isiige, ijifunze

Somo la jangwani si kununua bembea za rangi. Somo ni kwamba walianza na adui wao wa hewa, jua, wakajenga kumkabili. Adui wa Tukuyu ni mvua. Msimu wake huanza Novemba hivi na kufika Mei, kisha Juni na Julai inakuja baridi na ukungu. Uwanja wa Tukuyu unahitaji paa, ila la kuzuia maji. Unahitaji mifereji ili maji ya mteremko yasipite katikati, na nyasi za kushika udongo usigeuke tope. Mteremko wenyewe ni mali: mtoto aliyekulia kwenye migomba hahitaji kununuliwa kifaa cha kutelezea. Gome la mgomba na kilima vinamtosha.

La pili, muhimu zaidi, ni kumpa mchezo mwenyewe. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na kifungu cha 31 kinataja haki ya kupumzika na kucheza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inamtambulia mtoto haki ya kushiriki michezo. Lakini haki isiyo na kiwanja ni maneno. Kinachohitajika ni eneo la wazi lililochorwa kwenye ramani ya mji, lenye mipaka iliyopimwa, na kamati ya mtaa yenye jukumu la kupiga kelele likianza kumegwa. Kamati hiyo iwe na kina mama, ili wasichana na watoto wadogo wasisahaulike tena kama walivyosahauliwa malishoni. Na pale ambapo ardhi imekwisha kabisa, shule na mtaa wanaweza kukubaliana uwanja uwe wazi jioni na wikiendi, pembe moja iwe ya wadogo.

Hakuna atakayerudisha vijiji vya rika, na sidhani kama tungetaka. Ila wazee wa Rungwe walijua kitu ambacho wapangaji wa Abu Dhabi wamekigundua kwa gharama kubwa: mtoto hapati pa kuchezea kwa sababu nchi ni ya kijani, anapapata kwa sababu watu wazima wamekaa wakaamua.

Kwa hiyo nakupa kazi ya nyumbani. Kama una babu au mzee wa jirani aliyekulia Rungwe, muulize alikuwa akichungia wapi. Mwambie akutajie mahali penyewe, kilima gani, mto gani. Kisha nenda ukapaone leo pana nini, na watoto wa pale wanacheza wapi. Ukishajua, tuandikie.