Mkono Nao Huufunza Ubongo

Fumba macho, msomaji, kisha uguse ncha ya pua yako kwa kidole. Utaweza bila ya kioo wala taa, kwa kuwa misuli na viungo hupeleka habari ubongoni daima, na ubongo hutambua mahali ulipo kila mkono na kila mguu. Ujuzi huo hatukuusomea. Tuliupata utotoni kwa kutambaa, kushika na kuanguka. Lakini wako watoto ambao ubongo wao ulidhurika kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au punde baadaye. Misuli yao hukakamaa au hulegea, nao wengi hawaufahamu mwili wao sawasawa. Hali hiyo huitwa mtindio wa ubongo.

Aliyeieleza kwa kirefu ni daktari Mwingereza, William John Little, aliyezaliwa London mwaka 1810. Yeye mwenyewe alikua na mguu uliopinda, hata ukapasuliwa na kunyoshwa huko Ujerumani mwaka 1836. Mwaka 1861 aliwaeleza madaktari wa uzazi wa London kwamba hali hiyo hutokana na kuzaliwa kwa taabu. Mwaka 1897 Sigmund Freud wa Vienna alisema kwamba huenda dhara huanzia tumboni, na taabu ya kuzaliwa ikawa ni dalili tu. Leo yajulikana kuwa kwa watoto walio wengi ndivyo ilivyo.

Lakini kujua asili ya ugonjwa si kumsaidia mgonjwa. Mwaka 1917, katika mji wa Clifton Springs nchini Marekani, watu wachache waliunda chama cha kueneza tiba ya kazi. Waliamini kwamba mtu hupata nafuu kwa kutenda jambo lenye maana kwake. Huko London naye Berta Bobath, mwalimu wa mazoezi ya viungo aliyekimbia utawala wa Hitler, alitambua kwamba mkono uliokakamaa hulegea mwili ukikalishwa vema. Yeye na mumewe Karel, aliyekuwa daktari, walifungua zahanati mwaka 1951.

Njia yao ilienea sana. Hata hivyo, utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba mtoto hafaidiki sana kwa kushikwa na kunyoshwa tu. Hujifunza zaidi anapotenda mwenyewe. Kwa hiyo mtaalamu wa tiba ya kazi humkalisha mtoto nyayo zikikanyaga chini imara, ili mikono iwe huru. Humpa kijiko chenye mpini mnene. Humfundisha kuvaa shati kwa kutanguliza mkono ulio dhaifu. Humwacha aufinyange udongo mpaka viganja viujue. Jambo hilo hurudiwa siku baada ya siku, na hivyo mkono nao huufunza ubongo.

Mimi nami nina deni. Nilipoanza kufundisha, nilimdhania mtoto mmoja kuwa mzito wa akili, kumbe kilichokuwa kizito ni ulimi wake. Siku moja nilimngojea amalize kusema, naye akalijibu swali la hesabu lililowashinda wenzake wote. Niliona haya.

Basi, msomaji, ukikutana na mtoto wa namna hiyo, usimcheke, wala usimfanyie kila kitu kwa huruma. Mngojee. Wahenga walisema: hujafa, hujaumbika.