Fuvu na Matuta: Nani Aliyelima Mandhari Hii?

Katika kazi zetu nyingi za uhakiki, mandhari hupewa sentensi moja tu. Tunaandika kwamba mandhari ya riwaya hii ni ya kijijini, halafu haraka tunakimbilia wahusika, migogoro na ujumbe. Shamba linabaki kuwa pazia la nyuma ya jukwaa. Katika makala haya nakusudia kuipinga tabia hiyo, na ushahidi wangu nautoa nje ya riwaya: katika picha mbili za mashambani zilizopigwa Marekani katika miaka ya 1930. Nimezichagua kwa sababu zote mbili ziligharamiwa na idara moja ya serikali, tena katika muda wa miaka miwili tu, lakini zinatoa majibu tofauti kuhusu chanzo cha shida ya mkulima.

Kwanza historia kidogo. Mwaka 1935 serikali ya Rais Franklin Roosevelt iliunda idara ya kuwasaidia wakulima maskini, ambayo mwaka 1937 iligeuzwa kuwa Farm Security Administration. Ndani yake kulikuwa na kitengo cha picha chini ya Roy Stryker. Wapiga picha wake walitumwa vijijini kuonyesha hali ya wakulima, ili watu wa mijini waelewe kwa nini fedha za misaada zinatumika. Kwa hiyo tusijidanganye: hizi ni picha zilizotumwa kazi.

Picha ya kwanza ni ya Arthur Rothstein, kijana ambaye wakati huo alikuwa na miaka 20, yaani rika letu. Mei 1936, huko South Dakota, alipiga picha ya fuvu la ng'ombe juu ya ardhi kavu iliyopasukapasuka. Alilipiga mara kadhaa, na katikati ya kazi akalisogeza kiasi cha futi 10. Agosti mwaka huo, Roosevelt akiwa ziarani katika maeneo ya ukame na uchaguzi ukikaribia, gazeti moja la mji wa Fargo likaifichua habari hiyo, na magazeti ya wapinzani yakaidaka. Eti serikali inazunguka na fuvu lake kuwahadaa watu!

Nakiri kwamba kisa hiki kilipoletwa kwenye semina yetu, mimi nilikuwa upande wa Rothstein. Nilisema msanii ana haki ya kupanga vitu vyake, kama mtunzi anavyompeleka mhusika anakotaka. Wenzangu wakasema mpiga picha si mtunzi wa riwaya, ameapa kusema kweli. Jamani, tulibishana saa nzima juu ya futi 10. Leo naona pande zote mbili tulikuwa tumepotea njia.

Kasoro ya fuvu lile si kwamba lilisogezwa. Hebu tuangalie linasema nini likiwa limetulia mahali pake: ardhi imekauka, mnyama amekufa, jua linawaka. Mkosaji ni mbingu. Lakini historia ya Nyanda Kuu za Marekani inasema zaidi ya hapo. Bei ya ngano ilipopanda wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, nyasi zilizokuwa zimeushika udongo kwa karne nyingi zililimwa, na ulimaji huo ukaendelea hata baada ya vita. Mvua zilipokatika miaka ya 1930, udongo ulioachwa uchi ukapeperushwa na upepo. Ukame ulikuwa wa kweli, ila vumbi lilikuwa na mkono wa mtu. Idara ileile ya Rothstein ilitoa filamu ya Pare Lorentz mwaka uleule wa 1936, The Plow That Broke the Plains, ambayo kwa jina lake tu inalishitaki jembe. Fuvu halimshitaki mtu yeyote.

Picha ya pili ni ya Dorothea Lange, aliyoipiga Juni 1938 katika wilaya ya Childress, Texas. Matuta yanaanzia miguuni pa mtazamaji, yanapinda, yanakwenda moja kwa moja hadi kwenye nyumba ya mbao iliyo peke yake. Hakuna mtu. Shamba limelimwa mpaka karibu na mlango.

Hapa ndipo fani na maudhui vinapokutana. Yale matuta ni mistari inayoongoza jicho, na hiyo ni fani. Lakini ni nyayo za trekta pia, na trekta ndilo lililomwondoa mwenye kuishi katika nyumba ile. Maelezo ya picha yanataja jambo hilo: kilimo cha mashine kimewang'oa wakulima wapangaji. Na trekta nalo lilitoka wapi? Sheria ya mwaka 1933 iliwalipa wenye mashamba ili wapunguze kilimo cha pamba na bei ipande. Mwaka huo pekee kiasi cha eka milioni 10 za pamba iliyokwisha kuota ziliharibiwa. Wamiliki wengi hawakuwapa wapangaji fungu lao. Eneo likipungua, mpangaji hahitajiki; fedha ikiwepo, trekta linanunulika. Basi mpiga picha wa serikali akaleta ushahidi unaoigusa serikali yenyewe.

Mtu anaweza kuniuliza: je, Lange naye hakuchagua? Alichagua sana. Hakutuonyesha trekta wala mwenye shamba. Tofauti ni kwamba uchaguzi wake umeacha alama ya mkono uliotenda, na mtazamaji analazimika kuuliza ni wa nani. Hata hivyo picha peke yake haiwezi kujibu. Asiyejua historia ataitundika sebuleni kwa uzuri wa mistari. Nadhani Lange aliliona hilo, maana mwaka 1939 yeye na mumewe, mwanauchumi Paul Taylor, walitoa kitabu An American Exodus, ambamo picha zimewekwa pamoja na maneno ya wakulima wenyewe na maelezo ya uchumi wao.

Kwa hiyo, wanafunzi wenzangu na walimu wetu, napendekeza kwamba tukikutana na shamba katika riwaya au picha tusiishie kusema ni la kijijini. Tuulize nani analima, nani anamiliki, na nani aliyekuwa akiishi pale ambaye sasa hayupo. Nitafurahi kujibiwa katika toleo lijalo, hasa na wale tuliobishana nao juu ya fuvu.