Jina 'Kitosh' na Uzito wa Ushahidi: Mfano wa Tongaren

Mchunguzi wa historia ya Tongaren, baina ya Bungoma na Kitale, hukutana na aina mbili za ushahidi: maandishi ya wakoloni na masimulizi ya wazee. Katika maandishi hayo Wabukusu huitwa 'Kitosh', jina walilopewa na watu wa nje. C. W. Hobley, aliyeandika juu ya vita vya 1895, alikuwa ofisa wa serikali iliyowashambulia. Ushuhuda wake ni wa upande mmoja. Masimulizi nayo yana wakati wake. Gideon Were alichapisha historia yake ya Abaluyia mwaka 1967, katika muongo uleule ambao mashamba ya walowezi huko Tongaren yaligawiwa wakulima Waafrika, na neno kuhusu asili lilikuwa pia neno kuhusu ardhi.

Kwa hiyo chapa si hoja, wala mvi si hoja. Sharti kuuliza: nani alisema, lini, na kwa faida ya nani? Swali hilo lazidi uzito leo, maandishi yanaponakiliwa katika intaneti bila tarehe. Asiyejua kwamba 'Kitosh' ndio Wabukusu, atalikosa jina lao katika nyaraka na kudhani kwamba wenyewe hawakuwapo.