PageMaker: programu niliyoisomea Bariadi ikiwa imeshakufa

Leo mastaa tuwaache wapumzike kidogo. Nataka niwape historia ya programu moja ya kompyuta iliyotajirisha watu huko Marekani, halafu ikaja kula hela ya pamba ya mama yangu hapa Bariadi. Inaitwa PageMaker.

Kama umepita kwenye senta za kompyuta za mikoani hilo jina umeliona kwenye mabango: Word, Excel, Access, PageMaker, Intaneti. Mimi nilimaliza kidato cha nne 2009, matokeo hayakuwa mazuri, siwafichi. Mwaka uliofuata mama akauza pamba, akanitolea ada ya miezi mitatu kwenye senta moja hapa mjini. Enzi hizo Bariadi bado iko mkoa wa Shinyanga, Simiyu yetu ilikuja kuzaliwa 2012. Mwalimu akatuambia ukiijua PageMaker, kiwanda chochote cha uchapaji wanakupokea. Nikaikomalia kwelikweli.

Sasa tuanze mwanzo. Jamaa aliyeianzisha anaitwa Paul Brainerd. Alifanya kazi gazetini kule Minneapolis, kisha akahamia Atex, kampuni iliyokuwa inatengeneza mitambo ya kompyuta ya magazeti. Mwaka 1984 ofisi aliyokuwepo ikafungwa. Akachukua akiba yake, kama dola 100,000, akaungana na mainjinia wanne wakafungua kampuni Seattle. Wakaiita Aldus, kumkumbuka Aldus Manutius, mchapaji vitabu wa Venice aliyeishi zaidi ya miaka 500 iliyopita.

Kabla ya hapo kupanga ukurasa ilikuwa kazi ya mikono. Maandishi yanatoka kwenye mtambo kama vipande virefu vya karatasi. Fundi anakaa na wembe, rula na gundi, anakata, anabandika, kichwa cha habari hapa, picha pale. Akikosea mstari anabandua anaanza upya. Ukurasa ukikamilika unapigwa picha, ndiyo inatengenezwa pleti ya kuchapia.

Julai 1985 PageMaker ikatoka, kwa kompyuta ya Macintosh. Kazi ya wembe na gundi ikahamia kwenye skrini. Katikati unaona ukurasa, pembeni kuna eneo tupu kama meza, unaweka vitu vyako pale, unavivuta moja moja. Ila haikushinda peke yake. Apple walikuwa wametoa printa ya LaserWriter mwaka huohuo, na Adobe walikuwa na PostScript, lugha ya kuiambia printa ichore nini na wapi. Vitu vitatu kama mafiga, ukitoa kimoja chungu kinamwagika.

Printa ilikuwa dola 6,995, programu dola 495. Hela nyingi, lakini mitambo ya zamani ilikuwa ghali zaidi ya hapo. Ghafla shule, kanisa au biashara ndogo inaweza kutoa jarida lake bila kuwa na kiwanda. Brainerd ndiye aliyeipa hiyo kazi jina lake, uchapishaji wa mezani.

Na sisi je? Tanzania mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, kwa hiyo tulichelewa kuanza. Milango ilipofunguka zikaanza kuingia kompyuta za Windows, na PageMaker ilishakuwa na toleo la Windows tangu 1987. Miaka ya tisini vyama vingi vimerudi, magazeti binafsi yanachipuka, kila mtu anataka kuchapisha kitu.

Kumbe huko ilikotoka mambo yalishaanza kuharibika. Mwaka huohuo wa 1987 ilitoka QuarkXPress, ikawapa wapangaji uwezo mkubwa zaidi kwenye herufi na rangi, na magazeti makubwa yakahamia huko. 1994 Adobe wakainunua Aldus. Wakaona badala ya kukarabati nyumba ya zamani bora wajenge mpya, wakatoa InDesign mwaka 1999. PageMaker 7.0 ya mwaka 2001 ikawa ya mwisho. 2004 Adobe wakatangaza hawaiendelezi tena.

Yaani 2004! Mimi nilikuwa darasa la sita. Miaka sita baadaye ndiyo mama analipa ada nikaisomee.

Haya nikayajua Mwanza. Nilifika kwenye kiwanda kimoja cha uchapaji, cheti kiko kwenye bahasha, nimempa mzee shikamoo yake vizuri. Akakisoma, akanitazama. "Dogo, PageMaker gani tena? Hiyo si ilishakufa?" Vijana wake wote walikuwa kwenye InDesign na CorelDRAW. Sikuwa na la kujibu. Nilirudi Bariadi na basi la jioni, mama akaniuliza imekuwaje, nikamwambia watanipigia.

Kwa nini iliishi kwetu muda wote ule baada ya kufa kwao? Sio uchawi. CD za kunakili zilikuwa zinazunguka, kompyuta zetu za Windows XP zilikuwa zinaibeba bila shida, na walimu walifundisha walichofundishwa wao. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kubadili bango. Aliyekuwa na sababu ni mwanafunzi, na mwanafunzi ndiye asiyejua.

Ila nisiwe mchoyo wa shukrani. Mzee yuleyule alinipa karatasi nimpangie kadi ya harusi kwa mkono, akaangalia nafasi nilizoacha pembeni, akasema jicho ninalo. Hilo jicho nililipata PageMaker. InDesign nilijifundisha mwenyewe kwa mwaka mmoja, na leo kadi za michango, kalenda na mitihani ya shule nyingi hapa mjini zinapita mikononi mwangu. Mama ada yake nilimrudishia.

Mwezi uliopita mdogo wangu kaja na fomu ya senta. Kwenye orodha namba nne imeandikwa PageMaker. Nikavaa viatu tukaenda wote, nikawauliza hiyo programu mara ya mwisho imetoka lini. Wakaniambia nisubiri mkurugenzi.

Bado tunamsubiri.