Ukoga Tu

Mwaka jana tulishuka kwenye mapango ya Mlima Suswa, sisi wanne kutoka Nairobi na mzee mmoja Mmaasai aliyetuongoza. Mahali ambapo paa la pango lilikuwa limeporomoka na jua likapata njia, ukuta ulikuwa wa kijani, tena unateleza. Nikauliza, "Mzee, hii ni nini?" Akacheka. "Ni ukoga tu, kijana wangu. Angalia usianguke."

Neno hilo "tu" lilinifuata hadi nyumbani. Nilipoenda kuchukua kitambulisho nikiwa na miaka 19, karani aliitazama fomu, akanitazama usoni, akasema sifanani na watu wa jina langu. Kwani watu wa jina langu wanafananaje? Nilirudi mara tatu. Mara ya mwisho nilikwenda na nyanya yangu, akataja majina ya ukoo mpaka karani akachoka kuandika.

Nilipoanza kusoma kuhusu viumbe wa kuta za mapango, nikakuta hadithi ninayoijua. Kwa zaidi ya karne moja, wataalamu wa mimea waliwatambua sainobakteria kwa sura. Wana rangi ya kijani na wanatumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula, basi wakawekwa pamoja na mimea na kuitwa mwani wa bluu-kijani. Ukiwa na hadubini, kielelezo kilichokaushwa na maelezo ya Kilatini, ulikuwa na spishi mpya.

Katika miaka ya 1970, Roger Stanier, Mkanada aliyefanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, pamoja na wenzake walishikilia msimamo mwingine. Seli za viumbe hawa hazina kiini. Hao ni bakteria, na watambuliwe kwa sheria za bakteria: usilete kielelezo kikavu, leta kiumbe hai anayeoteshwa maabara, ili mwingine naye aweze kumchunguza. Wataalamu wa mimea hawakufurahi, na hadi leo kundi hili lina sheria za pande mbili.

Mwaka 1974, Rosmarie Rippka, John Waterbury na Germaine Cohen-Bazire walitangaza kiumbe kutoka kwenye mwamba wa chokaa nchini Uswisi. Alikuwa wa rangi ya zambarau, wakamwita Gloeobacter violaceus. Sainobakteria wengine wana tabaka nyembamba ndani ya seli, ziitwazo thilakoidi, ambako mwanga hufanyiwa kazi. Huyu hakuwa nazo. Kazi yote aliifanya kwenye utando unaoizunguka seli. Baadaye jeni zake zilionyesha kwamba ukoo wake ulijitenga mapema sana na wengine. Hilo si jambo dogo, maana mababu wa kundi hili ndio walioanza kuijaza hewa oksijeni, karibu miaka bilioni 2.4 iliyopita. Pumzi unayovuta ukisoma hapa imeanzia kwao.

Kwa miaka 39 jenasi hiyo ilikuwa na spishi moja tu inayokubalika. Kisha mwaka 2013 watafiti wakatoa ripoti kutoka Hawaii. Walikuwa wamechukua utando wa vijidudu uliogandamana na mwamba katika pango la lava kwenye volkano ya Kilauea, wakamwotesha mmoja wao, wakasoma jenomu yake nzima. Kwa macho alifanana na yule wa Uswisi. Hata jeni inayotumiwa sana kutambua bakteria ilikaribia kufanana. Ni jenomu nzima iliyoonyesha tofauti, naye akapata jina lake: Gloeobacter kilaueensis.

Mwaka huohuo, watafiti wa Ucheki walionyesha kwamba Gloeobacter si adimu vile. Hukaa kwenye miamba yenye unyevunyevu sehemu nyingi. Inaelekea wataalamu wa karne ya 19 walishamwona, tena kwenye kuta za vibanda vya kioo vya kuoteshea mimea, wakamwandika kwa jina jingine katika jenasi isiyo yake. Si ati alijificha. Walimtazama, wakaandika, wakapita.

Mapango ya lava si nyumba za kudumu. Mwaka 2018 sehemu kubwa ya kilele cha Kilauea ilibomoka. Kwingine ni sisi wenyewe tunaoingia na taa, viatu vyenye matope na mikono ya kugusagusa kila kitu. Kiumbe ambaye hakuwahi kuandikwa akitoweka, hakuna orodha anayofutwa.

Nikirudi Suswa nitaupita ule ukuta bila kuugusa. Kitambulisho ninacho mfukoni. Lakini nyanya alifariki kabla sijayaandika yale majina aliyomtajia karani. Yalikuwa zaidi ya kumi. Mimi nimeyakumbuka manne.