Jembe la Ukinga na Kinyago cha Paris

Msafiri atokaye Makambako, akapita Njombe na kupanda kuelekea Makete, huingia katika milima ya Ukinga, ambamo kata ya Ipelele imo. Vitabu visimuliavyo mapinduzi ya sanaa yaliyotokea Ulaya mwanzoni mwa karne ya ishirini huitaja Afrika takriban katika kila sura, lakini milima hii haimo. Kutokuwamo huko hakukuletwa na uhaba wa mafundi. Kulitokana na namna macho ya wanamapinduzi wale yalivyochagua cha kutazama.

Mwezi Juni 1905 wanafunzi wanne wa usanifu majengo waliunda mjini Dresden kikundi cha wachoraji kilichoitwa Die Brücke, yaani Daraja. Mwezi uliofuata Vita vya Maji Maji vilianza katika nchi ya Wamatumbi, na kufikia Septemba vilikuwa vimefika Ubena, ambako kituo cha misheni cha Yakobi, karibu na Njombe, kilishambuliwa. Ni nadra matukio haya mawili kuwekwa katika ukurasa mmoja, ingawa dola ilikuwa moja. Ernst Ludwig Kirchner na wenzake walijifunza umbo jipya mbele ya makabati ya makumbusho ya Dresden, na makabati ya namna hiyo yalijazwa na makoloni.

Huko Paris, mwaka 1907, Pablo Picasso aliingia katika makumbusho ya Trocadéro, akatoka na fikra iliyomsaidia kuikamilisha picha ya Les Demoiselles d'Avignon. Umma haukuonyeshwa picha hiyo hadi 1916. Alichokitafuta ndani ya kinyago kilikuwa umbo: pua iliyokatwa kwa mistari, jicho lisilofuata maumbile. Nani alikichonga, kwa ngoma gani, na kilitoka kijijini kwa njia ipi, hayo hayakumshughulisha.

Mkabala huo ulifikia kilele mwaka 1915, Carl Einstein alipochapisha Negerplastik mjini Leipzig. Kwa upande mmoja kitabu hicho kilikuwa cha haki kuliko vyote vilivyokitangulia, kwa kuwa kilidai kwamba vinyago vya Afrika ni sanaa kamili, wala si udadisi wa washenzi. Kwa upande wa pili, picha zake zilipangwa bila maelezo ya mahali wala watu. Sanaa ilipewa heshima, fundi akanyang'anywa anwani.

Haiwezi kusemwa kwamba hapakuwa na njia nyingine. Katika mji uleule wa Leipzig, miaka saba kabla, Karl Weule alikuwa amechapisha habari za safari yake ya 1906 kusini mwa koloni, hadi nyanda za Wamakonde. Weule hakuwa mwanamapinduzi wa chochote. Alitumwa na serikali ya kikoloni, na maandishi yake yana dharau ya zama zake. Hata hivyo, aliwapa wenyeji na wapagazi kalamu na karatasi, na michoro yao akaichapisha pamoja na majina. Mmojawapo ni Pesa Mbili, Mnyamwezi aliyeongoza wapagazi, ambaye aliuchora msafara ukiwa njiani. Hivyo, mwaka mmoja kabla ya Picasso kuingia Trocadéro, mtu wa Unyamwezi alikuwa akimchora Mzungu na mizigo yake. Historia za usasa hazimtaji Pesa Mbili. Lakini jina lake lipo, na hilo ni zaidi ya walichoachiwa wachongaji wa vinyago vya Paris.

Sasa turudi milimani. Wakinga walisifika kwa chuma: waliyeyusha mawe yenye madini, wakafua majembe yaliyovuka milima hadi kwa majirani. Chini yao, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa huko Ikombe, wanawake wa Kikisi walifinyanga, na hadi leo hufinyanga, vyungu vyembamba bila gurudumu. Jembe halina uso, na chungu hakina macho ya kumtisha mtazamaji. Basi msanii wa Ulaya aliyekuwa akisaka sura hakuwa na la kuchukua hapo. Jembe, hata lilipofika makumbusho, liliwekwa upande wa zana. Nalo jembe la kiwandani, lililokuja na wafanyabiashara, lilizima tanuri za Ukinga.

Hapa lugha inatoa ushahidi ambao wanahistoria wa sanaa hawajautumia vya kutosha. Neno sanaa, lililotoka Kiarabu, lina asili ya kazi ya mikono na ustadi. Ndani yake mfua chuma na mfinyanzi hawahitaji kuombewa nafasi. Mgawanyo wa sanaa tukufu na ufundi wa kawaida umeingia baadaye, kwa mlango wa shule. La ajabu ni kwamba Ulaya yenyewe ilianza kuutilia shaka mgawanyo huo wakati ikiusafirisha. Mwaka 1919, mjini Weimar, Walter Gropius alianzisha Bauhaus kwa tamko kwamba hakuna tofauti ya asili kati ya msanii na fundi. Mwaka 1921 Marcel Breuer na Gunta Stölzl walitengeneza humo kiti cha mbao kilichopakwa rangi na kufumwa, ambacho huitwa Kiti cha Kiafrika. Kilidhaniwa kimepotea hadi kilipopatikana tena mwaka 2004. Afrika ya kiti hicho ni ya kubuni, haina kijiji. Waliotaka kumrudishia fundi hadhi yake walimwazia Mwafrika asiye na jina, ilhali koloni lililokwisha kuwaponyoka Wajerumani lilikuwa na mafundi wa kutosha kuulizwa.

Siku ya soko huko Lyulilo, karibu na Matema, vyungu vya Ikombe hupangwa chini ya milima ya Ukinga. Mnunuzi hukiinua kimoja, hukigonga kwa kidole, husikiliza, kisha humuuliza mfinyanzi bei.