Dola 5 za Jack London (kwa mnaouliza mshiko unatoka lini)

Tangu niseme hapa kwamba kuna watu wanaandika makala na kulipwa bila kuajiriwa na gazeti lolote, maswali hayaishi. Nakutana nayo kwenye foleni ya steshenari, nakutana nayo kantini, juzi mshikaji mmoja kaniuliza tukiwa katikati ya diskasheni ya Saikolojia ya Elimu. Na yote ni yale yale. Unaanzia wapi? Unamwandikia mhariri nini? Mshiko unatoka lini?

Mimi ni mtu wa Historia na Kiswahili, mambo ya biashara waulizeni watu wa biashara. Nitajibu kwa historia, na nitamtumia mtu mmoja tu, Jack London wa California, kwa sababu aliacha barua, madaftari na hesabu zake za pesa, kwa hiyo safari yake unaweza kuifuata karibu mwezi kwa mwezi. Wengi wetu tunamjua kwa ule mkasa wa mbwa aliyepelekwa kaskazini kwenye baridi. Kilichonivutia mimi ni jinsi alivyotoka dola 5 mpaka dola 750 kwa muda wa miaka mitano hivi, na nani hasa alikuwa anatoa hizo pesa.

Kwanza tuone soko lilivyokuwa. Mpaka mwaka 1891 sheria ya Marekani haikulinda kazi za waandishi wa nje. Mchapishaji wa New York aliweza kuchukua riwaya iliyotoka London, akaichapa na kuiuza, na sheria isimguse. Sasa wewe mwandishi kijana wa kule Ohio, utamwuzia nini mtu anayeweza kumpata Dickens bure? Mwaka 1891 ikapitishwa sheria ya kulinda waandishi wa nje, na ghafla kazi ya nyumbani ikaanza kuwa na thamani.

Halafu ukaja mwaka 1893. Majarida makubwa ya wakati ule, kama Harper's na Century, yaliuzwa senti 35, yaani yalikuwa ya watu wenye sebule. McClure's likaanza mwaka huo kwa senti 15. Miezi michache baadaye Frank Munsey akashusha bei ya jarida lake kutoka senti 25 hadi senti 10. Watu wakadhani kachanganyikiwa, maana bei hiyo hailipi hata gharama ya kulichapa. Lakini jamaa alikuwa ameona mbali: ukiuza kwa bei ya kutupa unapata wasomaji laki kadhaa, na wenye sabuni, baiskeli na dawa za meno watapanga foleni mlangoni kwako na matangazo yao. Msomaji hakuwa tena ndiye anayelipa. Tangazo ndilo lililolipa. Na ili msomaji afike kwenye kurasa za matangazo, lazima kuwe na hadithi nzuri katikati. Hapo ndipo mhariri alipoanza kuhitaji watu wa kuandika, wengi, kila mwezi.

Ndio maana nasema kipaji peke yake hakielezi kitu. Jack London angezaliwa miaka 30 mapema na kipaji kile kile, nadhani angekufa mpiga koleo.

Alizaliwa San Francisco mwaka 1876, familia ya kubangaiza. Akiwa na miaka 17 alirudi kutoka baharini, kwenye meli ya kuwinda sili, akaingia kiwanda cha magunia ya juti kwa senti 10 kwa saa. Mwaka huo huo wa 1893 gazeti la San Francisco Morning Call likatangaza shindano la waandishi vijana. Mama yake akamshawishi aandike. Akaandika juu ya kimbunga alichokiona pwani ya Japani, akashinda zawadi ya kwanza, dola 25. Piga hesabu: ni saa 250 za kiwandani. Waandishi wa maisha yake wanasimulia kwamba zawadi ya pili na ya tatu zilikwenda kwa wanafunzi wa vyuo vikuu. (Wana Mlimani, tuendelee taratibu.)

Chuo alikuja kukiingia, University of California pale Berkeley, mwaka 1896. Alimaliza semista moja tu. Bumu hakuna, pesa hakuna, akaondoka. Mwaka 1897 akakimbilia Klondike kwenye dhahabu kama vijana wengine maelfu, akarudi mwaka 1898 bila dhahabu ya maana na akiwa na kiseyeye. Baba yake wa kambo alikuwa amefariki yeye akiwa huko. Nyumbani wanamtegemea yeye.

Sasa angalieni alichofanya Septemba 1898, maana hapa ndipo swali lenu la “unamwandikia mhariri nini” linapojibiwa. Aliandika barua kwa mhariri wa gazeti moja la San Francisco, Bulletin. Barua fupi. Anasema ametoka Klondike, anataja safari aliyoifanya kwa mashua ya makasia kushuka mto Yukon, anasema makala ya maneno 4,000 iko tayari, na anauliza kama wanaihitaji. Hakuanza na shikamoo ndefu wala habari za shida zake. Kwa barua ya kijana wa miaka 22, mimi ningempa A.

Mhariri akamrudishia barua ile ile, kaandika chini yake kwamba hamu ya watu juu ya Alaska imeshuka mno, na yameshaandikwa mengi kiasi kwamba kununua nyingine hakutawalipa.

Wengi wetu tungesoma pale “huna kipaji”. Mhariri hakusema hivyo. Alisema bidhaa imejaa sokoni. Na alikuwa sahihi kwa gazeti lake: mwaka mzima magazeti yalikuwa yamejaa habari za Klondike. Alichokuwa hajui, na pengine London mwenyewe alikuwa hajui, ni kwamba habari imechoka lakini hadithi bado. Klondike ile ile, ikiandikwa kama hadithi za watu na baridi na njaa, ndiyo ilikuja kumtoa.

Basi akaanza kusota. Akakodi taipu. Akaweka rehani baiskeli, saa, na koti la mvua. Akasoma majarida kama sisi tunavyosoma pasti pepa: hili linapenda hadithi za urefu gani, lile linaanzaje, huyu mhariri anachukua vichekesho au haviwezi. Akaweka daftari la kila kazi, imetumwa wapi, imerudi lini, imetumwa tena wapi. Vikaratasi vya kukataliwa vikafika mamia.

Na kila karatasi ilikuwa na gharama. Posta ya Marekani wakati ule ilitoza senti 2 kwa kila aunsi ya barua, na hadithi iliyopigwa taipu ilihesabiwa kama barua. Juu ya hapo unaweka stempu nyingine ndani ya bahasha ili mhariri akiikataa airudishe. Wakati huo huo mwenye jarida alisafirisha magazeti yake kwa senti 1 kwa ratili nzima. Ratili ina aunsi 16. Maana yake, kwa uzito ule ule, mwandishi mwenye njaa alilipa mara 32 ya alicholipa mwenye jarida! Nimerudia hesabu hii mara tatu nikidhani nimekosea.

Mwishoni mwa 1898 likaja jibu. Overland Monthly, jarida lenye heshima kubwa upande wa magharibi, limeikubali hadithi yake ya Klondike. London alikuwa amesoma mahali kwamba kiwango cha chini cha majarida ni dola 10 kwa maneno 1,000, kwa hiyo kabla hajamaliza kufungua bahasha kichwa kimeshapiga hesabu. Ofa ilikuwa dola 5. Dola 5 kwa hadithi nzima, na hizo zilipwe ikishachapwa.

Hiyo “ikishachapwa” isomeni tena. Kulikuwa na aina mbili za majarida (na mpaka leo zipo). Kuna linalolipa likikubali kazi yako, na kuna linalolipa likishaichapa. La pili linaweza kukaa na hadithi yako mwaka mzima droo ikiwa imefungwa, huwezi kuiuza kwingine, na stempu umeshalipa wewe. Katika riwaya yake Martin Eden ya mwaka 1909, London aliandika mkasa wa mwandishi anayepanda hadi ofisini kwa jarida kudai dola zake 5 na kuzitoa kwa nguvu mikononi mwa wahariri. Ni riwaya, sawa, lakini ile hasira hakuibuni.

Mimi mwenyewe kuna gazeti (jina kapuni) lilichapa makala yangu ya maneno 900. Nikaambiwa malipo mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi upi, hawakusema.

Tuendelee. Katika kipindi hicho hicho kigumu, barua nyingine ikatoka Boston, kwa H. D. Umbstaetter, mwenye jarida la The Black Cat. Alikuwa na hadithi ya London isiyohusu Klondike hata kidogo, inahusu mwanasayansi anayemuua na kumfufua mwanawe tena na tena kwa majaribio. Akasema ni ndefu kuliko nguvu yake, lakini akikubali ipunguzwe nusu, atalipa dola 40. Na atalipa mara moja. London alikubali bila kubishana; alivyosimulia mwenyewe baadaye, wangekata wanavyotaka ilimradi pesa ije. Aliandika pia kwamba kabla ya barua ile alikuwa amefika mwisho, yuko tayari kurudi kwenye makaa ya mawe.

Linganisha: jarida lenye jina kubwa dola 5 za baadaye, jarida lisilo na jina kama hilo dola 40 za sasa hivi. Sisi tunachagua kwa jina. Tunataka kuonekana.

Sasa kuna jambo ambalo kwa sisi wa ualimu linauma zaidi. Alipokuwa anasubiri, alikuwa amefanya mtihani wa kuajiriwa Posta, na alifaulu vizuri. Januari 1899 wakamwita. Kazi ya serikali, mshahara wa uhakika, kama dola 65 kwa mwezi. Upande wa pili ana dola 5 za Overland. Waandishi wa maisha yake wanasema mama yake ndiye aliyemwambia aendelee kuandika. Akaikataa Posta.

Hapa mimi sitawaambia kitu, maana najua kila mmoja wetu ana mama wa aina gani. Wa kwangu angenipeleka Posta mwenyewe kwa miguu. Na kwa jinsi ajira za ualimu zinavyosubiriwa siku hizi, watu wanamaliza chuo na kukaa miaka, sina hakika kama angekuwa na makosa. Ila angalieni kwamba London hakuikataa kazi akiwa na ndoto tupu. Alikuwa ameshauza. Kidogo, lakini ameshauza, na daftari lake lilimwonyesha wapi pana mlango.

Mwaka huo huo wa 1899 Atlantic Monthly la Boston likanunua hadithi yake ndefu kwa dola 120, ikatoka Januari 1900. Miezi michache baadaye kikatoka kitabu chake cha kwanza, cha hadithi zile zile za Klondike ambazo mhariri wa Bulletin aliona habari yake imekwisha.

Kisha 1903. Cyrus Curtis wa Philadelphia alikuwa amenunua Saturday Evening Post mwaka 1897 kwa dola 1,000, likiwa linakaribia kufa. Mhariri wake, George Horace Lorimer, akaweka utaratibu ambao kwa waandishi ulikuwa kama Krismasi: jibu ndani ya saa 72, na malipo ukikubaliwa tu. Si kwa wema. Post lilikuwa linajaa matangazo, na Lorimer alijua kwamba ukilipa haraka, kazi bora zinakuja kwako kwanza, na yale majarida ya “ikishachapwa” yanapata makombo. London akampelekea The Call of the Wild. Post likataka apunguze maneno kadhaa elfu, likalipa dola 750.

Kitabu chenyewe akakiuza kwa Macmillan, dola 2,000 mkononi, basi, hakuna mrabaha. Nakala 10,000 za kwanza ziliisha siku ya kwanza, na kitabu hakijaacha kuchapwa tangu hapo. Watu wengi wanamcheka kwa hilo. Mimi simcheki. Mchapishaji aliahidi kukinadi kwa nguvu, na alikinadi kweli, na vitabu vilivyofuata London alilipwa vizuri. Lakini tofauti ya kuuza ruhusa ya kuchapa mara moja na kuuza kitu chote milele, hiyo iulizeni kabla hamjatia sahihi popote. Muulizeni mhariri waziwazi: mnalipa kiasi gani, mnalipa mkikubali au mkichapa, na baada ya hapo makala inabaki ya nani. Mhariri wa kweli hakasiriki kuulizwa hivyo. Anayekasirika ameshakujibu.

Mwenye kutaka nimsomee barua yake ya mhariri kabla hajaituma aje Jumamosi baada ya saa nne, nipo chini ya mwembe pale nje ya hosteli. Iwe fupi jamani, nusu ukurasa. Habari za ada na kodi ya chumba ziacheni, mhariri naye ana kodi yake.